Friji linamaliza betri usiku: dalili, chanzo na dawa yake

Saa kumi alfajiri inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya sola kuwa umeme wa nyumbani, ilianza kulia, kwa mara ya tatu wiki ile. Niliamka gizani, nikazima swichi, friji likanyamaza, na kulipokucha maziwa yalikuwa yameshaanza kubadilika. Mchana wake nilikuwa nimeshaamua kuongeza paneli mbili na betri moja. Kilichonizuia ni kipande cha karatasi. Nilikibana kwenye mlango wa friji, kona ya chini upande wa bawaba, nikafunga, kikateleza na kuanguka kabla hata sijakivuta. Mpira wa mlango ulikuwa umejikunja pale chini, na usiku kucha hewa ya moto ilikuwa ikiingia taratibu bila mimi kujua.

Tangu siku hiyo naliangalia friji kwa jicho jingine. Friji halitengenezi baridi. Linachota joto lililo ndani na kulimwaga nje, na umeme wote linaokula ni ujira wa kazi hiyo. Joto likiingia zaidi, au likishindwa kutoka upande wa nyuma, kompresa, pampu inayosukuma gesi ya friji, inafanya kazi zaidi na betri inalipa. Kwenye nyumba inayojitegemea kwa sola, tafuta kwanza joto linapita wapi. Paneli zitanunuliwa baadaye, kama bado zitahitajika.

Pima kabla ya kugusa chochote

Tafuta mita ya matumizi, ile inayochomekwa kwenye soketi halafu friji linachomekwa juu yake. Iache siku mbili kamili huku nyumba ikiendelea na shughuli zake, kisha ugawe jumla kwa mbili. Friji dogo la kisasa la mlango mmoja mara nyingi hula kati ya wati-saa (wati mara saa za matumizi) 400 na 800 kwa siku. La zamani la milango miwili linaweza kupita 1,500. Taa ya wati 9 ikiwaka saa tano kila jioni inakula wati-saa 45 tu, kwa hiyo kuwagombeza watoto wazime taa hakutaiokoa betri inayomalizwa na friji.

Lebo ya nishati nayo inasaidia, ukijua kuisoma. Namba kubwa iliyoandikwa pale ni uniti za mwaka mzima. Ikiwa 219, gawa kwa siku 365 upate uniti 0.6, yaani wati-saa 600 kwa siku. Ila kumbuka namba hiyo imetoka maabara. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62552 hupima friji kwenye chumba chenye nyuzi 16 na tena kwenye nyuzi 32, mlango ukiwa umefungwa, bila mtu anayekuja kuchukua maji kila baada ya dakika kumi. Mita yako ikisoma zaidi kidogo ya lebo, hiyo ni kawaida. Ikisoma mara mbili yake, kuna tatizo.

Huna mita? Kaa karibu na friji kwa saa tatu ukiwa na kalamu, bila kufungua mlango, uandike linapowaka na linapokata. Friji zima, kwenye chumba kisicho na joto kali, huwaka kati ya theluthi moja na nusu ya muda. Likiwaka dakika 50 katika kila saa, tayari una jibu la nusu ya maswali yako.

Kisha pima kitu kinachosahaulika karibu kila mahali: inveta yenyewe. Chomoa kila kitu, iache inveta imewashwa peke yake, usome inavuta kiasi gani kutoka kwenye betri. Inveta nyingi za nyumbani hula wati 10 hadi 50 bila kuendesha chochote. Wati 25 zinaonekana ndogo, lakini kwa saa 24 ni wati-saa 600. Hapo inveta inakula sawa na friji lenyewe.

Betri inakata kabla ya kupambazuka

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi, na ndiyo inayoelekezwa vibaya zaidi, kwa sababu kila mtu hukimbilia kuilaumu betri. Tuifanyie hesabu.

Chukua betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200. Kwenye karatasi ina wati-saa 2,400. Lakini betri ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu kila siku, ukitaka idumu, kwa hiyo zako kweli ni 1,200. Jua linapungua nguvu saa kumi na moja jioni na halirudi na nguvu ya maana mpaka saa tatu asubuhi, jumla saa 16. Friji linalokula wati-saa 900 kwa siku litakula 600 katika muda huo. Inveta hupoteza sehemu inapobadilisha umeme, kwa hiyo betri inatoa kama 680. Ongeza wati 25 za inveta yenyewe kwa saa 16, nazo ni 400. Jumla 1,080. Ukiweka na taa na simu, umefika ukingoni kabisa.

Sasa sema betri hiyo ina umri na imepoteza asilimia 30 ya uwezo wake. Zilizobaki ni 840. Toa 100 za taa za jioni, zinabaki 740. Friji na inveta kwa pamoja vinavuta kama wati 67 kwa wastani. Gawa: saa 11. Kuanzia saa kumi na moja jioni, saa 11 zinaisha saa kumi alfajiri, muda ule ule inveta yangu ilipokuwa ikilia. Hakuna kitu kimoja kilichoharibika kabisa. Ni vitu vitatu, kila kimoja kimechukua chake.

Ndiyo maana nasema tenganisha. Kwanza angalia kama betri inajaa kweli. Mchana wa jua kali, betri ya asidi inapaswa kufikishwa kwenye volti 14.4 hivi na kukaa hapo kwa muda, halafu kidhibiti chaji, kifaa kilicho kati ya paneli na betri, kishuke hadi 13.5 au 13.8. Kama inafika jioni bila kuigusa 14.4, shida iko kwenye kuchaji: kivuli cha mti kilichokua tangu paneli zifungwe, vumbi, waya uliolegea, au paneli zenyewe kuwa chache. Kivuli kidogo tu kwenye kona ya paneli kinapunguza umeme kuliko watu wanavyodhani. Panda uangalie saa nne asubuhi na tena saa tisa alasiri, maana kivuli hutembea.

Kama inajaa, iache ipumzike saa chache bila mzigo wala chaji, kisha pima. Volti 12.7 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu. Betri iliyochoka husoma 12.7 vizuri tu halafu inaporomoka mara kompresa inapowaka, kwa hiyo ipime pia friji likiwa linafanya kazi. Kwa betri za lithiamu za LiFePO4 usitegemee volti hata kidogo: hukaa karibu na 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari kisha hushuka ghafla mwishoni. Hizo zinahitaji mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kama betri ni nzima na inajaa, basi mtuhumiwa ni friji au inveta, na mita yako imeshakwambia ni yupi. Kwa inveta inayokula sana ikiwa imekaa tu, dawa ni kupata ndogo zaidi yenye ubora kwa ajili ya friji peke yake, na ile kubwa uwashe unapopiga pasi au kusaga.

Friji haliachi kuunguruma

Hapa ndipo umeme mwingi unapotea, na habari njema ni kwamba marekebisho mengi hayakugharimu kitu. Fuata mpangilio huu, kuanzia kilicho rahisi.

Mahali lilipo. Weka mkono kwenye ukuta ulio nyuma ya friji saa kumi jioni. Ukiwa wa moto kwa sababu jua la alasiri limeupiga, friji lako linatoa joto ndani ya joto. La kwangu lilikuwa hivyo hasa, limebanwa kwenye ukuta wa magharibi, na upande mwingine liko hatua mbili kutoka kwenye jiko. Nililihamishia ukuta wa ndani na kuliacha na nafasi ya upana wa kiganja nyuma yake. Juu pia liache wazi. Kulifunika kitambaa na kupanga maboksi juu yake kunazuia hewa ya moto kupanda.

Kuna herufi kwenye kibandiko cha ndani ambazo watu wachache huziangalia: SN, N, ST au T. Ni daraja la hali ya hewa ambayo friji limeundiwa. N limekusudiwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Friji la N kwenye chumba kinachofika nyuzi 36 litaunguruma mchana kutwa hata likiwa jipya kutoka kwenye boksi, na hakuna fundi atakayelitibu.

Vumbi. Kondensa ni zile neli nyeusi zilizojipinda nyuma, au zimefichwa ubavuni na chini. Chomoa friji, chukua brashi laini, ondoa utando wote. Kwenye nyumba yenye wanyama wa manyoya fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu. Kama kondensa imefichwa ubavuni, shika ubavu wa friji likiwa linafanya kazi: unapaswa kuwa na joto la wazi. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia kwenye gesi.

Mpira wa mlango. Hapa nakaa kidogo, maana ndipo nilipopona. Chukua karatasi ya kawaida, ibane kwenye mlango, funga, ivute. Inapaswa kugoma kidogo, kama mtu ameishika upande wa pili. Rudia kila kiganja kimoja kuzunguka mlango mzima, na usiruke upande wa bawaba, kwa sababu ndiko mpira unakokunjika bila kuonekana. Usiku fanya jaribio la pili: washa tochi ndogo yenye mwanga mkali, iweke ndani ikielekea mlangoni, funga, zima taa za chumba. Mwanga ukichungulia popote, joto nalo linapita hapo hapo.

Kabla ya kununua mpira mpya, osha uliopo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uingie ndani ya mikunjo na kitambaa kilichofungwa kwenye ncha ya kijiko. Uchafu unaonata ndio unaouvuta mpira na kuukunja kila mlango unapofunguliwa. Palipojikunja, paka maji ya moto kwa kitambaa mpaka mpira ulainike, unyooshe kwa vidole, kisha funga mlango na uuache usiku mzima bila kuufungua. Wangu ulirudi kwenye umbo kwa njia hiyo. Kama umepasuka au umekauka na kuwa mgumu kama plastiki, hapo badilisha. Angalia pia kama friji limesimama sawa: likilala kidogo kuelekea nyuma, mlango unajifunga wenyewe, likilala mbele, unabaki umeegemea tu.

Barafu. Barafu nene ikiganda kwenye ukuta wa kugandishia inageuka blanketi: baridi inabaki nyuma yake, chakula kinabaki mbele, kompresa katikati inahangaika. Ikifika unene wa milimita 5, iyeyushe. Zima friji asubuhi, weka bakuli la maji ya moto ndani, fungua mlango, subiri. Usikwangue kwa kisu. Neli za gesi ziko milimita chache tu nyuma ya ule ukuta, na tundu moja dogo linamaliza friji. Kama barafu inarudi nene ndani ya wiki mbili, rudi kwenye mpira wa mlango. Unyevu huo unaingia na hewa ya nje.

Themostati. Namba za kwenye kitufe, 1 hadi 5 au 1 hadi 7, si nyuzi joto. Kwenye mafriji mengi namba kubwa maana yake ni baridi zaidi, na wengi huigeuza hadi mwisho siku ya joto wakaisahau. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, rafu ya katikati, ukisome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Lenga nyuzi 4. Ukikuta 1, umekuwa ukichoma betri bila faida. Rudisha kitufe hatua moja, subiri siku nzima, pima tena. Usipande juu ya 5, kwa sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka chakula kinachoharibika kikae chini ya nyuzi hizo.

Vitu vya moto. Lita moja ya maji inahitaji kutolewa wati-saa 1.16 za joto kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Sufuria la lita tano lililoingia likiwa na nyuzi 70 lina zaidi ya wati-saa 370 za kutolewa hadi lifike 5. Likipoa kwanza nje hadi 30, zinabaki 145. Lipooze haraka kwa kulitumbukiza kwenye beseni la maji, usiliache mezani kutwa nzima, na uliingize likiwa na kifuniko, maana mvuke wake ndio barafu ya kesho.

Gesi. Ukimaliza yote hayo na kompresa bado haikati, shika tena ubavu au kondensa. Ikiwa baridi wakati kompresa inanguruma, na ndani barafu imeganda kwenye kipande kimoja tu cha mwanzo huku sehemu iliyobaki ni kavu, gesi imepungua. Friji ni mfumo uliofungwa, gesi haiishi kwa kutumika, ikipungua imevuja. Anayekuja kuongeza gesi bila kutafuta tundu anakuuzia miezi michache tu. Mafriji mengi mapya yana R600a, gesi inayoshika moto, kwa hiyo kazi hiyo mwachie fundi wa majokofu mwenye vifaa vyake.

Linabofya, linajaribu kuwaka, halafu linanyamaza

Unasikia mlio mfupi kama wa swichi, mngurumo wa sekunde chache, tena mlio, kisha kimya. Baada ya dakika kadhaa linarudia. Kompresa inashindwa kuanza, na kifaa kinachoilinda dhidi ya joto kinakata.

Mara nyingi chanzo ni umeme mdogo wakati wa kuanza. Kompresa inayotumia wati 100 ikiwa imeshika mwendo inaweza kuhitaji mara tano, hata zaidi, kwa sehemu ya sekunde inapoanza. Inveta ya wati 300 inaonekana kubwa kwenye karatasi lakini inagoma pale pale. Tafuta kwenye maandishi yake uwezo wa muda mfupi, si ule wa kudumu. Na ikiwa ni inveta ya wimbi lisilo laini, zile za bei ya chini, mota itanguruma kwa sauti nzito, itapata joto zaidi na kula zaidi kwa kazi ile ile. Kwa friji, nunua inveta ya wimbi safi (pure sine wave). Hapo sina msimamo wa katikati.

Kuna sababu nyingine isiyohitaji pesa. Umeme ukikatika na kurudi mara moja, presha ya gesi ndani ya neli haijasawazika, na kompresa haiwezi kuisukuma. Ipe dakika tano. Kinga ya friji yenye kuchelewesha umeme kwa dakika chache inafanya hivyo yenyewe.

Na kama inveta yako ina hali ya kujilaza inapokosa mzigo, izime hali hiyo. Themostati ya kielektroniki inavuta kidogo mno kuiamsha inveta, friji linabaki limekufa, nawe unadhani limeharibika.

Kwa mafriji ya volti 12 au 24 yanayofungwa moja kwa moja kwenye betri, chunguza waya kabla ya kitu kingine chochote. Chukua friji linalovuta ampea 6, liko mita 10 kutoka kwenye betri, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Ukinzani wa shaba ni omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita moja ya mraba. Mara 20, gawa kwa 2.5, unapata omu 0.14. Mara ampea 6, volti 0.84 zimepotelea njiani. Betri ikiwa na 12.2 friji linaona 11.4, na inapoanza kompresa linaona pungufu zaidi, linajizima kujilinda, huku betri ikiwa bado na nusu nzima. Ukiweka waya wa milimita za mraba 6 upotevu unashuka hadi 0.35. Pima kwa multimita kwenye vituo vya friji lenyewe likiwa linawaka, halafu kwenye vituo vya betri. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inayokwambia. Gusa na kila kiungo: chenye joto kimelegea au kina kutu. Na fyuzi iwepo, karibu na betri.

Matumizi yanaruka usiku bila sababu

Mita inaonyesha wati 80, halafu ghafla 250 kwa nusu saa, kisha inarudi. Hilo ni friji lisiloganda barafu. Ndani yake kuna hita inayoyeyusha barafu kila baada ya saa kadhaa za kompresa, bila kujali ni mchana au usiku. Ni raha mahali penye umeme wa gridi. Kwenye betri ni mzigo, na sishauri mtu yeyote aunganishe hita hiyo vingine. Kama bado hujanunua, chagua friji la kuyeyusha kwa mkono, lenye kompresa inayobadili kasi. Hizo huanza taratibu na haziishtui inveta.

Kifaa kidogo kisicho na sauti kinamaliza betri

Kama hakina kompresa, ni kile cha kupoza kwa bamba la umeme, ambacho huvuta makumi ya wati bila kukata, au ni friji la kunyonya linalotumia gesi ya kupikia na umeme. Yote mawili ni mabaya sana kwenye betri. La gesi liendeshe kwa gesi, na liwe limesimama sawasawa, la sivyo halipozi.

Siku mbili za mawingu na chakula kinaharibika

Watu huongeza betri kwa ajili ya siku kama hizi. Mimi naweka barafu. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka inameza wati-saa 93 za joto, na nyuzi zake hazipandi mpaka imeisha. Chupa tano za lita moja zina karibu wati-saa 465 za baridi, haziozi, hazipungui uwezo mwaka hadi mwaka. Friji la wastani linaloingiwa na joto la wati 35 hadi 40 hivi linaweza kushikiliwa nazo karibu saa 12, mlango ukiwa haufunguliwi ovyo.

Jinsi ninavyofanya: saa tano asubuhi, betri ikishakaribia kujaa, naweka chupa mbili kwenye sehemu ya kugandisha. Si zote tano kwa mara moja, kwa sababu friza dogo litashindwa na kuunguruma mpaka usiku. Siwezi kusisitiza vya kutosha kuacha nafasi juu ya maji, vidole vitatu hivi, maana maji yakiganda yanavimba na kupasua chupa. Jioni nashusha zilizoganda na kuzipanga rafu ya juu ya friji, kwa kuwa baridi hushuka. Kompresa inakaa kimya muda mrefu zaidi usiku. Asubuhi chupa zilizoyeyuka zinarudi kugandishwa zikiwa bado za baridi, kwa hiyo kazi ya kuzigandisha inapungua kidogo.

Wengine huzima friji usiku kwa saa ya kuratibu. Inaokoa hasa ikiwa inveta nayo inazimwa, kwa sababu joto linaloingia usiku kompresa italidai asubuhi. Bila barafu ndani usijaribu. Na ukikuta kipimajoto kimepita nyuzi 5 alfajiri, njia hiyo haifai kwa friji lako.

Wenye friza la sanduku wana nafasi nyingine nzuri: themostati ya nje inayokata umeme friza likifika nyuzi 3 au 4. Friza linageuka friji lenye kuta nene, na kwa kuwa linafunguka juu, hewa baridi haimwagiki unapolifungua. Kasoro yake ni kuinama kila mara na maji yanayokusanyika chini, ambayo lazima uyafute kila wiki. Kihisi cha themostati kifunge ubavuni kwa ndani, nusu ya kina. Kikikaa chini kabisa, vya juu vitaharibika.

Ukifika mahali pa kumwita fundi, mpe namba hizi kabla hajafungua kisanduku cha vifaa: wati-saa kwa siku mbili, nyuzi za ndani asubuhi, nyuzi za chumba saa nane mchana, volti kwenye vituo vya friji likiwaka na likiwa limekata, na dakika ngapi kila saa kompresa inafanya kazi. Friji langu lilikuwa likila wati-saa 1,300. Baada ya mpira kunyooka, ukuta kubadilishwa na vumbi kuondoka, mita ilisoma 820, na zile paneli mbili sijazinunua mpaka leo.